Kengele ya Ukurasa wa Tatu

Nilifika Sejny mwezi wa Februari, theluji ikiwa magotini,
na faili la takwimu kwapani:
vitufe mia na arobaini katika mfumo wa zahanati,
vinavyobonyezwa, kumi na kimoja.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni;
kamba yangu ilikuwa waya wa projekta.

Niliwaonyesha slaidi sitini.
Daktari Hryniewicz alisinzia kwa heshima, macho wazi.
Mpokezi alitazama saa, kisha theluji, kisha saa.
Nilipouliza, "Kuna swali?"
muuguzi mmoja tu aliinua kalamu:
"Chai unakunywa na sukari?"

Ndiye Bogumiła Wasilczyk,
miaka thelathini na mmoja katika chumba kile kile,
skrini yake imeota manyoya:
vikaratasi vya njano, juu, chini, kandokando,
kila kimoja na jina la mtu wa kuitwa arudi.
Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga.
Huyu daftari alikuwa nalo.
Lilikosa uzi wa kulishona.

Siku ya pili projekta niliiacha garini.
Nikavuta kigoda, nikakaa ubavuni pake,
nikafunga mdomo. Si kazi rahisi; mimi hulipwa kwa kusema.
Nikamwona akihesabu dozi ya mtoto kwa penseli,
mara mbili, kisha mara ya tatu kwa vidole.
Nikamwona akiandika upya anwani ambayo mfumo uliijua tayari.
Nikamwona akitambua, kwa kikohozi tu cha nje ya mlango,
ni nani aliyekuja.
Hilo halina kitufe.

Saa tisa alasiri mlango ulifunguliwa, upepo ukaingia,
kikaratasi kikaruka, kikatua nyuma ya chuma cha kupashia joto.
Tukakichokoa kwa rula ya mbao.
Vikatoka viwili.
Cha leo,
na kingine kikavu kama jani, wino umepauka:
Wincenty Kalejta. Damu irudiwe. Novemba.

Bogumiła hakusema kitu.
Alikaa, kikaratasi kiganjani,
kama mtu aliyeokota jino lake mwenyewe sakafuni.

Ningeweza kusema hapo: unaona?
Ulimi uliniwasha. Niliuuma.
"Nionyeshe," akasema yeye, "hiyo kengele yako."

Ukurasa wa tatu, chini ya alama iliyofanana na kitunguu.
Jina, tarehe, siku za kungoja, basi.
"Mbona mmeificha huku?" akauliza.
"Na kwa nini kitunguu?"
Sikuwa na jibu. Niliandika maswali yake neno kwa neno,
usiku nikawatumia waliojenga mfumo, kule Gdańsk,
watu wenye skrini tatu kila mmoja,
wasiowahi kuchokoa nyuma ya chuma kwa rula.

Tulihamisha vikaratasi hadi taa za barabarani zikawaka.
Arobaini na sita.
Yeye alisoma, mimi nikaandika; kufikia cha tano
nikamwachia kipanya,
maana mkono usioshika haukumbuki.

Asubuhi kengele ililia,
mlio mdogo, kijiko kikigonga glasi.
Mfumo ulileta namba. Simu alipiga yeye:
"Bwana Wincenty, kosa ni langu. Njoo leo.
Na uvae ile kofia yenye masikio."

Alikuja, na kofia. Damu ikachukuliwa.
Nilipoondoka majibu yalikuwa bado maabara,
na hadi leo sijapata ujasiri wa kuuliza.

Takwimu za mwezi huu zimefika mezani:
vitufe vinavyobonyezwa Sejny, kumi na viwili.
Mkuu wangu ameguna: kumi na viwili tu?

Kwenye skrini ya Bogumiła, nasikia,
kimebaki kikaratasi kimoja cha njano,
kimeandikwa kwa penseli, kwa ajili ya muuguzi wa zamu ya usiku:
Kengele iko chini ya kitunguu.